Makarani wa Pango la Virupaksha

Tarehe 29 Agosti 1896, katika mji wa Madurai kusini mwa India, mwanafunzi wa miaka 16 aliyeitwa Venkataraman alikuwa nyumbani akinakili somo la sarufi ya Kiingereza mara tatu. Ilikuwa adhabu ya kutolijua. Alipofika mara ya tatu akasukuma daftari kando, akafumba macho, akatulia. Kaka yake aliyekuwa akimtazama akamkaripia: mtu wa mwenendo kama huo ana haja gani ya kuendelea kula na kusoma nyumbani? Kijana hakubisha. Alisema anakwenda shule, kuna kipindi cha umeme. Kaka akamwambia apitie kwenye sanduku achukue rupia tano, amlipie karo ya chuo njiani. Akachukua tatu, mbili akaziacha pamoja na kikaratasi.

Nimefanya kazi ya masjala tangu ujanani mpaka nilipostaafu, na barua za watu zimepita mikononi mwangu za kila aina: za kuomba uhamisho, za kushitakiana, za kuaga. Sijaona barua ya kuaga kama ile. Sentensi ya kwanza inaanza na "mimi", kama barua yoyote. Baada ya hapo "mimi" anapotea, na mwandishi anajitaja kama kitu: hiki kinaondoka kwa shughuli njema, mtu asihuzunike wala asitumie pesa kukitafuta. Mwishoni anaeleza kwamba karo ya kaka haijalipwa na kwamba rupia mbili ziko hapo. Mahali pa jina na sahihi pana vistari tu.

Wiki chache kabla, katika nyumba ya ami yake, kijana huyo alikuwa ameshikwa ghafla na hofu ya kufa ingawa hakuwa mgonjwa. Hakumwita mtu. Alijilaza sakafuni, akanyoosha viungo kama maiti, akabana pumzi, akajiuliza: mwili huu ukichukuliwa ukachomwa, je, na "mimi" ninakwisha? Kilichomjia pale hakikumtoka tena maisha yake yote. Ndicho kilichomtoa nyumbani kuelekea Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, ambao watu wa imani yake wanaamini ni Shiva mwenyewe.

Safari yenyewe ilikuwa ya kitoto. Alitazama atlasi ya zamani ambayo haikuonyesha kwamba reli ilikwisha kufika Tiruvannamalai, akakata tiketi ya Tindivanam, pesa zikamwishia, akatembea kwa miguu, akaweka rehani hereni zake kwa rupia nne. Alifika tarehe 1 Septemba. Akanyolewa nywele, akatupa pesa zilizobaki na uzi wa kibrahmani, akaingia katika hekalu kubwa la mji na kukaa kimya. Alikaa katika chumba cha chini kwa chini mpaka wadudu wakamtafuna mapaja, na ilibidi watu wambebe kumtoa.

Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Ramana Maharshi. Wengi wameandika juu ya utakatifu wake, na sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kueleza jambo ambalo mtu wa masjala hawezi kulipita: mafundisho haya ya kumfuatilia "mimi" mpaka aonekane kuwa si kitu yamehifadhiwa na makarani. Bila watu wa ofisi, kimya cha yule kijana kingebaki kimya.

Tuanze na jina. Mwanzoni hakuna aliyelijua. Watu walimwita swami wa kibrahmani, wakamletea chakula katika mahali paitwapo Gurumurtam, nje kidogo ya mji. Miongoni mwao alikuwamo Venkatarama Iyer, karani wa hesabu katika ofisi ya serikali ya pale. Huyu hakuweza kuvumilia mtu asiye na jina. Siku moja aliweka kalamu na karatasi mbele ya kijana, akaapa kwamba haondoki, hali, wala hataripoti kazini, hata akifukuzwa, mpaka aandikiwe jina na kijiji. Kijana akaandika kwa herufi za Kiingereza: Venkataraman, Tiruchuli. Karani akashangaa mara mbili, kwanza kwamba swami anajua Kiingereza, pili kwamba yeye hakijui hicho kijiji. Kijana akachukua kitabu cha kale cha Kitamili kilichokuwa karibu, akamwonyesha mahali ambapo kijiji kinatajwa. Ndiyo hati ya kwanza katika jalada hili, na ilipatikana kwa mgomo wa kula wa mtumishi wa serikali.

Hati hiyo ikaleta nyingine. Kwa kuwa jina lilijulikana, habari zilifika Madurai, na mwishoni mwa 1898 mama yake, Alagammal, akaja. Alimsihi mwanawe siku nyingi, akalia, naye akanyamaza kama jiwe. Mmoja wa waliokuwapo aliona uchungu wa mama, akampa kijana karatasi na penseli, angalau aandike. Akaandika kwa ufupi kwamba kilichoandikwa kutokea kitatokea, kisichoandikwa hakitatokea hata mtu ajitahidi vipi, na bora ni kunyamaza. Mama akarudi zake. Miaka mingi baadaye alikuja kuishi naye mlimani, na alipofariki tarehe 19 Mei 1922 alizikwa chini ya mlima. Ashramu inayojulikana leo, makazi ya wafuasi wake Ramana, ilikua pembeni ya kaburi hilo.

Kwa nini makarani? Historia ya nchi inajibu. Jimbo la Madras chini ya Waingereza lilikuwa limejaa shule za Kiingereza, na shule hizo zilizalisha watu wa ofisi: wa kodi, wa manispaa, wa reli, wa mahakama. Baba yake Ramana mwenyewe aliishi kwa kuwatetea watu mahakamani huko Tiruchuli bila kuwa na cheti cha uwakili, na Ramana alisoma shule ya misheni ya Wamarekani. Watu wa tabaka hili walikuwa na elimu iliyowafundisha kuuliza, mishahara iliyowafunga mezani, na dini ambayo iliwaambia kwamba ujuzi wa juu kabisa ni wa aliyeacha mke, watoto na kazi. Walikuwa na swali, na hawakuwa na ruhusa ya kulifuata. Kilichowavuta kwa kijana wa pangoni ni kwamba hakuwaambia waache kazi. Hata uzeeni, mtu alipomwomba ruhusa ya kuacha ofisi ili aingie msituni, jibu lilikuwa karibu lilelile kila mara: huyo anayejiona ni mtumishi wa ofisi ndiye atakayejiona ni mtu wa msituni, kwa hiyo umebadilisha nini?

Kati ya 1900 na 1902, Gambhiram Seshayya, msimamizi wa kazi za manispaa, alikuwa akipanda mpaka pango la Virupaksha ubavuni mwa mlima, alikoishi Ramana wakati huo, akiwa na vitabu vyake vya yoga, pamoja na mihadhara ya Vivekananda. Pale asipoelewa, aliuliza. Ramana, ambaye bado hakuwa akizungumza, alijibu kwenye vikaratasi. Seshayya akavinakili katika daftari lake la nyumbani, na daftari hilo ndilo lililokuja kuhaririwa kuwa kitabu baada ya yeye kufa.

Mwaka wa 1902 akaja wa pili, M. Sivaprakasam Pillai. Alikuwa amesomea falsafa, akafanya kazi katika idara ya kodi ya wilaya ya South Arcot, na kazi ndiyo iliyomleta Tiruvannamalai. Wengine walikuwa na maswali ya pumzi, mantra na vitabu. Yeye alikuwa na moja alilotembea nalo tangu chuoni, akaliweka mbele ya kijana wa miaka 22: mimi ni nani? Ramana alijibu kwa maandishi, mara kwa kidole mchangani, mara kwenye kibao cha shule. Mchanga ukafutika na kibao kikafutwa. Pillai akaenda zake na yale aliyowahi kunakili, pamoja na yale aliyoyakumbuka. Hayakuchapishwa mpaka 1923, miaka zaidi ya 20 baadaye, katika kijitabu kinachoitwa kwa Kitamili Nan Yar.

Hapa ndipo jicho la masjala linapokuwa na faida. Mwanzoni mwa kijitabu kile pana orodha ndefu ya vitu ambavyo "mimi" si hivyo: si mwili, si milango mitano ya fahamu, si pumzi, si akili inayofikiri. Wasomaji wengi huikariri wakidhani ndiyo kiini. Inasimuliwa kwamba Ramana alipoonyeshwa muswada alishangaa, akasema hakuandika yale. Pillai ndiye aliyeyaongeza. Alikuwa ameyasoma katika vitabu vya Vedanta, na akaona jibu fupi lisiloanza na orodha litamchanganya msomaji. Karani alijaza fomu. Ramana aliacha ibaki, kwa kuwa haikuwa na madhara kwa anayeanza. Lakini ukiiondoa, njia yenyewe inaonekana uchi, na ni fupi kuliko inavyodhaniwa.

Njia ni hii. Wazo lolote likizuka, la deni, la ugomvi, hata la Mungu, usilifuate na usipambane nalo. Uliza: limemjia nani? Jibu litakuja lenyewe: limenijia mimi. Basi uliza tena: huyo mimi ni nani? Usijibu kwa maneno. Kila jibu la maneno ni wazo jingine, nalo limemjia mtu yuleyule. Unageuza uangalifu kutoka kwenye wazo kuelekea kwa mwenye wazo, na kila ukimkaribia haonekani. Ramana alilifananisha swali hili na kijiti cha kuchochea moto wa kuchomea maiti: kinachochea mpaka vyote viteketee, na mwisho chenyewe nacho kinatupwa humohumo.

Msomaji asije akachanganya madhehebu. Wabudha wanaofuata Theravada hufika mahali pa kusema kwamba hakuna nafsi kabisa, ni mtiririko tu wa mambo yanayozuka na kutoweka. Ramana alisimama upande wa Advaita, fundisho la Kihindu la kutokuwa na uwili: anayedanganya ni huyu "mimi" mdogo mwenye jina, ukoo na mshahara. Akiondoka, kinabaki kitu ambacho hakikuwahi kuzaliwa. Wanazuoni wa pande hizo mbili wamebishana kwa karne nyingi. Watu waliopanda pangoni hawakwenda kwa ajili ya mabishano hayo, na mwenyewe akiulizwa juu yake hupenda kumrudisha muulizaji kwa anayeuliza.

Nilifika Tiruvannamalai kwa sababu ileile inayowapeleka India watu wengi wa kwetu: mgonjwa. Dada yangu mkubwa alikuwa akitibiwa Vellore, na kutoka hapo kwa basi ni saa chache kuelekea kusini. Nilipomwambia ninakotaka kwenda na kwa ajili gani, alicheka kitandani mpaka muuguzi akaja kutazama. "Mdogo wangu, na uzee huu ndiyo unaanza kutafuta wewe ni nani? Si uniulize mimi niliyekubeba mgongoni?" Nimelitafakari jibu hilo kuliko vitabu vingi. Ndugu ndio wanaokupa "mimi" wa kwanza: jina, utani, zamu ya kubebwa. Ndiyo maana karani wa Gurumurtam hakutulia mpaka apate jina na kijiji.

Katika ashramu niliketi kwenye ukumbi wa zamani uliojengwa mwaka wa 1928, chumba si kikubwa, sakafu ya mawe iliyolainishwa na makalio ya watu. Pembeni kuna kochi ambalo Ramana alikuwa akikalia, sasa limewekewa picha yake. Maisha yake yaliyobaki yalikwenda kati ya kochi lile na jiko. Alfajiri alikuwa akikata mboga pamoja na wapishi, akiwakemea wakitupa maganda yanayofaa kuliwa na ng'ombe. Nje kuna kaburi la ng'ombe Lakshmi, aliyekufa tarehe 18 Juni 1948, na tausi wanapita juu ya paa wakipiga kelele za kuudhi. Mtu aliyekuwa pembeni yangu alikuwa na daftari. Nikajisemea, hawajaisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikisikia dhikri za Kadiria usiku wa Ijumaa, kwa hiyo nilipokuwa pale nilitafuta vitu ninavyovijua: nani alimpa huyu ijaza ya kufundisha, na yeye alimpa nani? Kwetu mtu haanzi njia bila sheikh, na sheikh hana neno bila silsila. Wakati Ramana yumo pangoni, huko Bagamoyo Sheikh Ramiya, aliyekuja pwani akiwa mtumwa na kufariki mwaka wa 1931 akiwa kiongozi mkubwa wa Kadiria, alikuwa na uwezo wa kuutaja mnyororo wa masheikh wake. Ramana hakuwa na mnyororo. Hakuwa na mwalimu wa kibinadamu, hakumpa mtu mantra sikioni, hakumtangaza mrithi. Akiulizwa guru wake alikuwa nani, alitaja mlima.

Kinachochukua nafasi ya silsila katika jalada lake ni maswali. Anayeshika njia haonyeshi cheti, anaonyesha aliuliza nini. Ndiyo maana waandishi wa maswali wana uzito pale kuliko mahali pengine. Jina lenyewe la Ramana Maharshi alipewa mwaka wa 1907 na mshairi wa Kisanskriti, Ganapati Muni, aliyepanda pangoni akiwa amechoka na mantra alizozirudia miaka mingi bila kuona matunda. Kitabu kikubwa cha kwanza cha maisha yake, cha mwaka wa 1931, kiliandikwa na Narasimha Swami, aliyekuwa wakili huko Salem, na kinasomeka kama ushahidi wa mahakamani: tarehe, mashahidi, kiasi cha nauli. Mazungumzo ya 1935 hadi 1939 yaliandikwa kwa Kiingereza na Munagala Venkataramiah. Ya miaka ya 1945 hadi 1947 yaliandikwa na mwanasheria mwingine, Devaraja Mudaliar.

Kazi ya Venkataramiah haikuwa nyepesi. Baada ya mwandishi wa habari Mwingereza, Paul Brunton, kufika mwaka wa 1931 na kutoa kitabu chake mwaka wa 1934, wageni waliongezeka. Somerset Maugham alifika mwaka wa 1938, akazimia kabla hajauliza lolote. Mgeni anauliza kwa Kiingereza, mkalimani anageuza, Ramana anajibu kwa Kitamili, Kitelugu au Kimalayalam, mkalimani anarudisha, na mwandishi anaandika. Humo ndani "mimi" wangapi wamepita? Bado ukisoma unaona mtindo mmoja. Muulizaji anakuja na jambo kubwa, vita, kuzaliwa upya, hatima ya dunia, na katika zamu mbili au tatu jambo limeachwa kando na yeye mwenyewe ndiye anayetazamwa. Wapo waliokasirika kwa hilo. Walitaka mwongozo, wakaona wamepewa swali lao wenyewe.

Ramana alifariki tarehe 14 Aprili 1950, baada ya kupasuliwa mara nne mkono wa kushoto kwa ajili ya uvimbe wa saratani. Tangu hapo wengi wamefundisha kwa jina lake. H. W. L. Poonja, aliyefariki mwaka wa 1997, alikusanya Wazungu na Wamarekani huko Lucknow, na baadhi yao wakarudi makwao wakawa walimu. Leo kuna wanaoahidi kumwonyesha mtu kwa kikao kimoja kwamba nafsi yake ni kiini macho. Siwabezi. Ila ukisoma jalada la zamani unaona upungufu mmoja: mwalimu anaongea mno, na muulizaji haandiki chochote.

Mtu akiniuliza aanze na ukurasa gani, simpeleki kwenye kijitabu cha 1923. Namwambia atafute habari za Pillai za mwaka wa 1913, zilizohifadhiwa na yule wakili wa Salem. Pillai alikuwa ameacha kazi ya serikali ili aishi kwa swali lake. Kisha mkewe akafariki. Yule mtu aliyeuliza mimi ni nani, ambaye watu wa mabara yote wanasoma majibu aliyopewa, akachukua karatasi na kuandika maswali manne: nifanye nini niokoke na tabu za dunia, je, nitamwoa msichana ninayemfikiria, kama sitamwoa, kwa nini, na kama nitamwoa, pesa zitatoka wapi? Akaiweka karatasi katika hekalu la Ganesha kijijini kwake, akimwomba mungu huyo aandike majibu usiku. Asubuhi karatasi ilikuwa vilevile. Akapanda nayo mpaka pangoni.

Hakuitoa mfukoni. Aliketi akimtazama Ramana akizungumza na waliokuja, na kila alipotaka kuuliza aliona swali limepungua nguvu. Akashuka bila jibu hata moja, na hakuoa tena. Aliishi mpaka 1948 akiwa mfuasi yuleyule.

Ninaupenda ukurasa huo kwa sababu unatoa kibali. Tunadhani mtu anayechunguza udanganyifu wa nafsi anapaswa kuja na swali safi la falsafa, na ya mahari na ya ada ya watoto ayaache mlangoni. Pillai, bingwa wa swali safi, alikuja na ya ndoa na pesa, akayaandika yote, namba moja mpaka nne. Nafsi inayotafutwa ndimo ilimokaa, kwenye namba mbili na namba nne. Asingeyaandika, asingekuwa na cha kushuka nacho mlimani kikiwa kimeisha nguvu. Masjala yetu ilikuwa na utaratibu wa hoja za namna hiyo: haikujibiwa, haikukataliwa, imeondolewa na mleta hoja mwenyewe, nalo jalada linafungwa kihalali.